Mwandishi wa Sifa za Wenzake

Katika mji ule mdogo wa chuo, jimboni Indiana, familia za Waodia, Wahindi waliotoka jimbo la Odisha, hazikuzidi arobaini, na karibu nusu yao walipata vibali vya kukaa kwa kalamu ya Trilochan Behuria. Hakuwa wakili, wala hakuwa na jamaa katika ofisi ya uhamiaji. Alikuwa mtafiti wa uhandisi, mtu wa zege na kutu, aliyeshinda maabara akipima jinsi chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji inavyokula nondo ndani ya madaraja. Ila Jumamosi mchana, akishakula wali wake, alisafisha meza ya jikoni akaketi kuwasifu watu.

Asiyeyajua mambo haya atashangaa, kwa hiyo na aelezwe. Mtafiti mgeni akitaka kibali cha kudumu kwa njia ya ustadi wake, mabingwa watano au sita wa fani yake lazima waandike barua kwamba huyu si mtu wa kawaida, na kwamba nchi itakula hasara ikimpoteza. Hiyo ni sheria. Desturi ni nyingine. Mabingwa wana shughuli zao, kwa hiyo humwambia mwombaji, "Niletee rasimu nitaipitia." Mwombaji anaandika mwenyewe, bingwa anabadilisha neno moja, au habadilishi hata hilo, anatia sahihi. Mawakili wanajua, maprofesa wanajua, na sidhani kama wale wanaozisoma hawajui. Basi mtu mzima anaketi chini na kujisifu kwa kinywa cha mwenzake, mara sita, kwa sauti sita tofauti. Na watu wale wamelelewa na mama zao kwa neno moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yuko mmoja, mwenye shahada tatu, aliyeandika "amejitahidi kiasi," kisha akaifuta kwa kuona amejivuna.

Trilochan hakuwa na shida hiyo, alimradi anayesifiwa si yeye.

Wa kwanza kuja alikuwa Sarbeswar Lenka, kijana mtafiti wa pampu, aliyekuwa bado mgeni mjini na mke wake mjamzito.

"Bhaina, nisaidie," alisema, kwani wote walimwita hivyo, kaka mkubwa. "Siku tatu nimekaa mbele ya kompyuta, nimeandika jina langu tu."

"Nieleze kazi yako kama unavyomweleza mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu anaamini mimi ni fundi bomba."

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli, lakini Bhaina..."

"Basi tuanzie hapohapo. Kaa." Akamgeukia mkewe. "Mama Lipsa, muongezee huyu chai, ana kazi ya kusifiwa leo."

Alimhoji saa mbili nzima. Kwa nini pampu za zamani zilikuwa zikipasuka? Nani alijaribu kuzitibu kabla yako? Walikosea wapi? Mwisho akaandika barua tatu, na katika mojawapo aliweka sentensi ambayo baadaye ilimfanya awe mtu maarufu katika mji wa watu wachache: "Sisi wengine tulikuwa tukitafuta jibu; yeye alitubadilishia swali." Profesa mmoja wa Colorado aliitia sahihi bila kubadilisha hata nukta. Kibali cha Sarbeswar kikatoka, naye akaja na sinia zima la keki ya jibini, akamshika Trilochan miguu hadharani kwa heshima ya kwao, akaiweka ile barua kwenye grupu la simu la Waodia wote. Chini yake akaandika: Someni muone kazi ya Bhaina.

Wakasoma. Tena wakanakili. Trilochan mwenyewe aliwaandikia watu thelathini na mmoja, na kila mmoja alitaka "ile ya swali", naye hakuwanyima. Hao nao walikuwa na marafiki Michigan, marafiki Arizona, Wabengali, Watamil, Wairani wa maabara ya jirani. Barua zilisafiri kuliko mwandishi wake. Mara moja alikutana na Mchina asiyemfahamu katika mkutano wa wahandisi, wakazungumza vibali kama ilivyo ada, na yule bwana akamsomea ile sentensi kutoka kwenye simu yake, akimshauri aitumie. Trilochan akacheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Alifurahi, tusimfiche. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi chini ya jina la mwingine, akisikia maneno yake yanatembea peke yake mitaani, lazima moyo uchanue.

Kuntala, mkewe, hakuchanua.

"Kinyozi hajinyoi," alikuwa akimwambia. "Kichwa cha mji mzima kinang'aa, chako msitu."

"Foleni yetu inasogea, mama Lipsa."

"Inasogea? Mwaka jana ilirudi nyuma! Foleni gani hiyo ya kurudi nyuma?"

Hapo alikuwa na haki. Walikuwa mwaka wa nane katika foleni ya kawaida ya wataalamu, ile ambayo chuo kilimfungulia jalada baada ya kuombwa sana. Kila mwezi ofisi hutoa tarehe ya maombi yaliyofikiwa, na Wahindi wa nchi nzima hukaa kuitazama. Kwa Trilochan kusubiri si hoja. Hoja ilikuwa binti yao, Lipsa. Alikuja ana miaka mitatu, amelala begani mwa baba yake, na tangu hapo amekaa Marekani kwa mgongo wa kibali cha baba. Sheria ni kwamba mtoto hubebwa mgongoni hadi siku anapotimiza miaka ishirini na mmoja. Siku hiyo anatuliwa chini, awe amefika au hajafika. Lipsa alikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi, na angetimiza miaka hiyo tarehe tisa Aprili.

Njia ya kuwahi ilikuwa moja, ileile aliyowafungulia wengine: ombi la watu wenye uwezo wa pekee. Mwaka ule foleni hiyo ilikuwa wazi. Ombi likiingia pamoja na fomu za familia kabla ya tarehe tisa, kisha likakubaliwa, umri wa Lipsa ungesimama pale ulipo na angepata kibali pamoja nao. Likikataliwa baada ya hapo, wazazi wangeendelea na foleni yao, yeye angekuwa mgeni asiye na mlango.

"Mimi ni fundi wa kutu," Trilochan alikuwa akisema. "Uwezo wa pekee nitautoa wapi?"

"Kile kidude ulichozika kwenye madaraja ya majimbo manne kilijizika chenyewe?"

Kidude hicho kilikuwa kipimo kisichozidi kidole gumba, kinachofukiwa ndani ya zege na kutoa habari nondo zinapoanza kuoza, kabla jicho halijaona kitu. Alikibuni yeye, kwa mikono yake, katika maabara ya Profesa Wendell Haugen aliyemwajiri miaka kumi na minne. Kwenye makala jina la Trilochan ndilo lililotangulia. Kwenye mikutano aliyepanda jukwaani alikuwa Haugen, na Trilochan alikaa nyuma akibofya picha.

Novemba akakubali. Wakili wao, Noreen Tackett, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimpa orodha ya barua sita zinazotakiwa. Jumamosi akasafisha meza, akaketi. Akaandika: "Bwana Behuria ni..." Akanywa chai. Jumamosi ya pili akaandika ileile. Ile ya tatu Kuntala alimkuta amepanga viungo vya jikoni kwa alfabeti.

Ndipo alipofanya kosa lake, na lilikuwa kosa ambalo mtu asiyewahi kumwandikia mwenziwe barua ya sifa asingeweza kulifanya. Alifungua mafaili yake ya zamani, akachukua sentensi zake mwenyewe. Pampu akaziita madaraja, kupasuka akakuita kutu. Akaichukua na ile ya swali. Kwani mtu akivaa shati lake mwenyewe, ameiba? Zilikuwa sentensi nzuri, zilishapita mara nyingi, na hazikumdai aseme jambo jipya juu ya nafsi yake. Barua zikakamilika kwa siku mbili. Haugen aliitia sahihi ya kwake juu ya boneti la gari, kwenye maegesho, huku akiuliza kama kompresa ya maabara imetengenezwa.

Ombi likaenda Desemba, na Januari ofisi ikajibu. Ilitambua machapisho. Ilitambua kipimo. Kisha ikasema kwamba barua tatu kati ya sita zina maneno yanayofanana, neno kwa neno, na barua zilizokuja na maombi mengine mengi, ya waombaji wengine, wa fani nyingine. Ilinukuu mfano mmoja. Trilochan hakuhitaji kuusoma. Kwa sababu hiyo barua zote zilionekana hazina uzito, na mwombaji alipewa wiki kumi na mbili kueleza au kuleta ushahidi mwingine.

"Umenakili wapi?" Noreen aliuliza, ofisini kwake.

"Sikunakili. Ni mimi niliyeziandika. Wao ndio walionakili kwangu."

"Una uthibitisho?"

"Mafaili yote ninayo, na tarehe zake. Ya kwanza ni ya miaka tisa iliyopita."

Noreen alivua miwani. "Sikiliza, Tril. Ukipeleka mafaili hayo utakuwa umethibitisha kwamba wewe si mwizi wa maneno. Utakuwa pia umeiambia serikali kwamba barua za watu thelathini na mmoja ziliandikwa na mtu asiyetia sahihi. Kwa majina. Huenda wasifanye lolote. Huenda wakafungua majalada yote upya. Mimi siwezi kukuahidi."

"Na nisipopeleka?"

"Tafuta barua mpya. Mwache kila profesa aandike mwenyewe, kwa mkono wake."

Kwanza alimpigia simu Sarbeswar, ambaye sasa alikuwa raia, mkuu wa idara ya kampuni moja Texas, mwenye watoto wawili na nyumba yenye bwawa. Alitaka ruhusa yake tu, apeleke jalada lake moja, lile la kwanza. Jalada moja lingetosha kuonyesha sentensi ilizaliwa wapi.

"Bhaina," Sarbeswar alisema. "Bhaina, wewe ni kama mzazi kwangu. Lakini jina langu usilitaje. Nina watoto."

"Na mimi ninaye."

"Najua, Bhaina. Msalimie sana shemeji."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hurusha teke mchana kweupe, hakutumii salamu. Kuntala alikuwa amesikia yote, kwani simu ilikuwa mezani kwa sauti ya juu.

"Peleka," alisema. "Peleka majalada yote, la Lenka litangulie. Walikula kwangu hao. Mke wake nilimkanda mimi alipojifungua."

"Siwezi, mama Lipsa. Nifukuzishe watoto wa watu?"

"Na wako je? Huyu si mtoto wa mtu?"

"Nitapata barua mpya. Maprofesa wananijua. Haugen ananijua miaka kumi na minne."

"Sawa," Kuntala alisema. "Tuone anavyokujua."

Akawaandikia wote sita, akiwaomba waandike wenyewe, kwa maneno yao, lolote wanaloliamini. Wawili hawakujibu. Yule profesa wa Colorado alijibu kwa uungwana kwamba, kusema kweli, hamkumbuki vizuri, wangeweza kukutana? Mnorwe mmoja, Mungu ambariki, aliandika ukurasa na nusu juu ya kipimo na umeme wake, ila alikosea jina la Trilochan mara mbili. Mstaafu mmoja wa Ohio aliandika aya moja juu yake na tatu juu ya utafiti wake mwenyewe.

Ya Haugen ilikuja wiki ya mwisho, baada ya kukumbushwa mara tano. Trilochan aliisomea ndani ya gari, kwenye maegesho yaleyale. Ilikuwa fupi na haikuwa na neno hata moja baya. Ilisema Bwana Behuria ni mtu wa kutegemewa. Hufika mapema. Wanafunzi wanampenda kwa sababu ni mpole na hana makuu. Amekuwa msaada mkubwa katika utunzaji wa vifaa, na alishiriki katika majaribio ya kipimo cha kutu kilichobuniwa katika maabara yangu. Ninamwombea kila la heri.

Aliisoma tena akitafuta mahali penye dhihaka, angalau amchukie mtu. Hakupaona. Haugen alikuwa ameandika alichokiamini, kwa moyo safi, kama alivyoombwa. Kwa miaka yote Trilochan alidhani yule mzee anajua lakini hasemi. Kumbe hakuwa akijua. Kipimo kile kilitoka maabara kama chai inavyotoka jikoni, na hakuna aliyewahi kuuliza nani aliyesimama jikoni. Iliuma pasipo kipimo, na alilia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mikono juu ya usukani, watu wakipita na vikombe vyao vya kahawa.

Noreen aliisoma, akaiweka chini. "Tunaweza kuiacha hii nje."

"Barua ya mwajiri wangu ikikosekana, watasemaje?"

Noreen aliirudisha ndani ya jalada. Wakaipeleka pamoja na nyingine, mwishoni mwa Machi. Trilochan aliambatanisha maelezo yake mwenyewe, kurasa tisa za michoro na tarehe, bila kutaja mtu.

Tarehe tisa Aprili walikata keki. Vijana wa darasa la Lipsa walijaa sebuleni, wakaimba kwa kelele zao, wakamwambia sasa umekuwa mtu mzima. Lipsa alicheka nao. Kuntala alikata vipande na kugawa bila kumtazama mtu usoni.

Jibu lilikuja siku saba baadaye. Ombi limekataliwa. Ofisi ilieleza kwa ufasaha, kurasa sita: barua za awali hazikuaminika, barua mpya, zilizoaminika, zilionyesha mfanyakazi mwema na mwenye bidii, si mtu aliye kileleni mwa fani yake. Ilimnukuu Haugen mara tatu. Ile "hufika mapema" nayo ilikuwemo.

Watu wa grupu walisikia. Walituma alama za mikono iliyofumbatwa. Mmoja, aliyeandikiwa barua nne na kibali chake kikatoka Pasaka iliyotangulia, aliuliza kama Bhaina amewahi kufikiria kumtumia wakili mzuri zaidi. Siku ya pili mwingine, mgeni, alimtumia ujumbe pembeni: alisikia kwamba ile ya swali imeharibika, je, Bhaina anayo nyingine?

Trilochan hakumtukana. Nadhani angemtukana ingekuwa afya kwake.

Kwa Lipsa ilibaki njia moja. Aondoke nchini, aende India, aombe viza ya mwanafunzi wa kigeni kwenye dirisha la ubalozi mdogo, Hyderabad, kisha akipewa arudi kumaliza uuguzi wake pamoja na wageni wengine. Viza hiyo hapewi mtu mwenye nia ya kubaki Marekani. Lazima mwombaji amridhishe afisa kwamba kwao ni kule, kwamba moyo wake uko kule, na kwamba siku ya kuhitimu atafunga mizigo na kurudi.

"Ataandika maelezo ya ukurasa mmoja," Noreen alisema. "Yawe ya kweli kadiri inavyowezekana."

Hilo halikuhitaji Jumamosi tatu. Trilochan alisafisha meza akamaliza kabla chai haijapoa, na ilikuwa barua nzuri kuliko zote alizopata kuandika. "Nyumbani kwangu ni Kendrapara," iliandikwa, kwa sauti ya msichana aliyeondoka Kendrapara, kule Odisha, kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Ilikuwa na mto ndani yake, na bibi mzaa baba asiyeona vizuri, na zahanati ya wilaya isiyo na wauguzi wa kutosha. "Marekani nimekuja kujifunza kazi. Sijawahi kuiita kwetu."

Lipsa aliisoma amesimama, begi la shule bado begani. Alipofika mwisho akarudia mstari mmoja kimyakimya, midomo ikicheza.

"Umeandika vizuri, baba."

"Itabidi uisome mpaka uizoee. Watakuuliza."

"Najua." Akavuta kiti, akatoa kalamu. "Hapa umesema nyumba ya babu. Wakiniuliza ina vyumba vingapi?"

"Vinne," Trilochan alisema.

"Vitatu," Kuntala alisema kutoka jikoni. "Kile cha nyuma kilianguka mwaka wa kimbunga."

"Walikijenga tena."

"Nani alikijenga? Kaka yako? Alifunga mbuzi pale."

"Mama Lipsa, nakwambia nilikiona kwa macho yangu, kina bati jipya."

"Mara ya mwisho kukiona ni lini? Miaka tisa hujakanyaga kule!"

Trilochan alifungua kinywa, akaanza kuitembea nyumba kichwani, mlangoni, ukumbini, kwa mama, kwa kaka, akapotea. Akatazama vidole vyake. Hakuwa na hakika.

Lipsa alikuwa bado amesimamisha kalamu juu ya karatasi, akiwangoja.

"Amueni basi," alisema. "Ndege ni Jumanne."